Kaburi Walilonichimbia Nikiwa Hai

Kama umelazwa wodi ya malale sasa hivi na umeshachomwa sindano ya kwanza, najua hali yako. Mshipa wa mkono unawaka mpaka kwapani, umeambiwa ulale chali usijitikise, na mgonjwa wa kitanda cha pili anakutazama aone kama utalia. Lia tu. Mimi nililia, na nikamtukana bwana mganga kwa lugha ya kwetu ambayo bahati nzuri hakuijua. Naandika haya kwa sababu nilipokuwa hapo ulipo, hakuna aliyeniambia ukweli. Wageni wote waliniambia nitapona, huku macho yao yakinipima urefu.

Sitakueleza malale ni nini wala kale kadudu kanafanya nini mwilini. Hayo waulize wenye kazi yao. Nitakueleza nilivyougua, nilivyochimbiwa kaburi na watu wa nyumbani kwangu, na jambo moja lililonisumbua kuliko ugonjwa wenyewe: sijawahi kujisikia niko hai kama miezi ile niliyokuwa nakufa.

Mimi ni mtu wa Bukima, nimezaliwa na kukulia kando ya ziwa kwenye harufu ya samaki. Niliolewa bara, mashariki ya Bunda, kwa watu wa pamba na ng'ombe. Mume wangu ni Magesa. Mama yake, ambaye hapa nitamwita Mama kwa sababu ndivyo nilivyomwita siku zote, hakunipenda tangu nilipoingia. Aliponusa furu wakavu, samaki wadogo wa kwetu niliokuja nao kwenye kikapu, aliamuru wapikwe nje ya ua, na sufuria ile ikabaki nje mpaka ikapata kutu.

Boma letu lilikuwa peke yake likitazamana na pori, kama yalivyokuwa maboma mengi kabla watu hawajawekwa pamoja vijijini. Kuni zilitoka porini na maji yalitoka porini. Mbung'o walituuma kila siku. Tuliwapiga kofi, tukaendelea na maongezi yetu.

Ugonjwa ulinianza wakati wa palizi. Kwanza homa, inakuja na kuondoka, kisha kichwa, kisha usingizi. Nililala na jembe mkononi. Nililala na tonge mdomoni, mwanangu Nyafuru akaniingiza kidole kulitoa nisije nikapaliwa. Mama alikuwa na jibu lake tayari.

"Mwanamke gani huyu analalaga jua liko utosini?" aliwauliza majirani, kwa sauti ya kunifikia. "Kwao huko ziwani wanalalaga tu wakingoja samaki wajilete wenyewe."

Baada ya usingizi ikaja akili kuvurugika. Nilitembea uchi mpaka kisimani. Nilichoma kikapu cha pamba niliyoichuma kwa mikono yangu. Siku moja nilimzaba Mama kofi mbele ya wageni. Hilo nimehadithiwa, mimi mwenyewe silikumbuki, na mpaka leo nasikitika kwamba silikumbuki.

Wakasema nimerogwa. Nikachanjwa chale, nikafukizwa moshi, kuku akazungushwa juu ya kichwa changu na mwenye dawa akaondoka naye. Uchumaji wa pamba ukafika katikati nami nimekuwa mifupa. Vidole vya miguu vilikufa ganzi, ngozi iliniwasha mpaka nikajichubua, na mwanangu akapelekwa Bukima kwa mama yangu kwa sababu alikuwa ananiogopa. Hapo ndipo Magesa alipokataa kumsikiliza mtu yeyote. Alinipandisha kwenye baiskeli, akanifunga kwa kanga mgongoni kwake kama mwanamke anavyofunga mtoto, akanyonga mpaka Bunda. Nilikuwa nalala na kichwa changu kinamgonga shingoni njia nzima. Jasho lake lilinilowesha. Kwa mambo mengi nilimchukia Magesa baadaye, lakini ile safari nimemwekea moyoni.

Bunda wakanitoa damu, wakatazama, wakatuambia twende Musoma siku hiyohiyo. Basi likatufikisha jioni kwenye wodi ndefu yenye madirisha ya wavu. Kwenye dirisha la mwisho ziwa lilionekana. Nilisikia harufu yake kabla sijaliona nikaanza kulia, maana nilidhani nimerudishwa kwetu kuzikwa.

Kitanda cha kulia kwangu kilikuwa cha mama Wakuru, mjane wa Butiama mwenye ng'ombe zake, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Malale ilimwacha na mikono inayotetemeka na ulimi mkali kama wembe. Mimi aliniita Bukima, kwa sababu wodini tuliitana kwa makwetu.

"We Bukima," aliniambia siku niliyoweza kukaa, "hapa dawa inaua kama ugonjwa. Wamekuambia?"

"Hawajaniambia."

"Hawasemagi. Basi mimi nimekuambia."

Alikuwa amesema kweli. Kwanza walikukunja kama jongoo wakakutoa maji ya uti wa mgongo. Wakikuta ugonjwa umepanda kichwani, unaanza sindano za moto. Unachomwa siku tatu mfululizo, halafu unapumzishwa wiki nzima, halafu unarudia. Sindano yenyewe ni maumivu tu. Kilichoua kilikuwa mapumziko. Mtu alimaliza sindano zake, akacheka, akaomba uji, na siku mbili tatu baadaye, akiwa anasuka nywele au anafua leso, macho yakageuka, mwili ukakakamaa, na jioni godoro lake liko juani. Si wengi waliokwenda hivyo. Lakini hakuna aliyejua nani, na kitanda kilichoachwa wazi kilionekana na wote.

Asubuhi za sindano tulikaa kwenye benchi nje ya chumba. Ndani tulisikia mabomba ya sindano ya kioo yakigongana kwenye maji yanayochemka. Mama mmoja alikuwa anahesabu shanga za rozari, mwingine anaguguna kucha mpaka damu. Wakuru peke yake alitazama safu yote ya benchi halafu akachagua mtu.

"Leo naona wewe wa mwisho huko. Umeoga vizuri mno."

Ukatili? Ndiyo. Yule wa mwisho alikasirika, akanyanyuka, akamtukana Wakuru, na akaingia ndani akiwa bado ana hasira, kwa hiyo hakutetemeka. Baadaye nami nikajifunza kusema maneno yale, na nikayafurahia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapotaka kufika. Maumivu ya sindano yalipopungua, nesi alikuletea maji kwenye kikombe cha bati. Maji ya bomba, yana ladha ya kutu. Niliyanywa nikasikia kila mahali yalipopita, koo, kifua, tumbo. Nilikuwa nimekunywa maji maisha yangu yote na sikuwahi kuyanywa. Nikasikia upepo wa ziwa ukipiga mabati, nikasikia harufu ya sabuni ya sakafu, nikamwona nzi kwenye ukuta na miguu yake yote. Nilimtamani mume wangu kuliko siku za uchumba. Niligombania na mwanamke wa Suguti nafasi ya juani ukutani mpaka tukavutana nguo, mifupa miwili hiyo, halafu tukacheka hadi kukojoa. Wodi nzima ilikuwa hivyo. Watu waliokuwa wanakufa walikuwa na njaa, na vicheko, na fitina, kuliko harusi yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Nimewaza sana kwa nini. Sidhani kifo kinatoa zawadi. Nyumbani nilikula huku nawaza palizi, nililima huku nawaza kuni, nililala na Magesa huku nawaza maneno ya mama yake. Siku zote nilikuwa mahali pengine. Kwenye wodi ile kesho haikuwa yangu kuiwaza, basi akili yote ikakosa pa kwenda ikabaki kwenye tonge.

Mimi na Wakuru tukapatana jambo. Aliyeanza ni yeye, siku ya kwanza ya mapumziko yetu ya kwanza. Tulikuwa tunachomwa pamoja na tunapumzika pamoja.

"Bukima, nikiondoka mimi, chakula changu ule wewe. Siku hiyohiyo, kabla hakijapoa. Ukiondoka wewe, changu hiki na chako nakula mimi. Sitaki kiende kwa manesi."

"Na kama nikishindwa kumeza?"

"Utameza. Wewe umetoka kwenye samaki, mmezoea kula vyenye macho."

Katika mapumziko ya pili wakaja wageni wangu. Magesa alisimama akikunjakunja kofia yake. Mama alikaa kwenye kitanda changu juu ya miguu yangu, ambayo kwa bahati haikuwa na hisia.

"Mkamwana, magari yanakuja kutuhamisha," alisema hata kabla ya kuniuliza nimeamkaje. "Tumeambiwa tubomoe wenyewe, tusipobomoa wanabomoa wao. Tunaenda kukaa kule barabarani, nyumba kwa mistari."

"Sawa, Mama."

"Sasa kule hatuna kaburi hata moja. Na kwetu tukishaondoka panarudi pori, nani atakuja kuchimba na simba wako hapo? Kwa hiyo watu wamechimba kabisa."

"Wamechimba nini?"

"Mama, acha," Magesa alisema.

"Niache nini? Si ya kwake? Kaburi lako, mkamwana. Limechimbwa vizuri, udongo mgumu, halishiki maji. Ukifika tu unaingia."

Nilikuwa na kikombe cha bati mkononi. Nilimlenga yeye nikampata Magesa kwenye paji la uso. Wakuru alicheka mpaka manesi wakaja kumshika wakidhani ile degedege ndiyo imeanza.

"Bukima!" alisema alipopata pumzi. "Nchi nzima inahangaika kutafuta kiwanja, wewe umeshajengewa!"

Mama hakucheka wala hakuomba radhi. Alikung'uta nguo yake, akaacha maboga mawili ya mwisho ya boma la zamani chini ya kitanda, wakaondoka. Mimi nilikaa macho mchana kutwa, jambo lililonishinda tangu palizi. Nilikuwa nimekasirika mpaka meno yanauma. Mtu ambaye mume wake amesimama kimya huku shimo lake likichimbwa hana haja ya kahawa.

Lakini usidhani nakuambia hasira inaponya. Kitanda cha karibu na mlango kilikuwa cha mama mwenye hasira kuliko mimi, na godoro lake ndilo lililoanikwa, si langu.

Mapumziko ya tatu yalikuwa ya upepo, ziwa limechafuka. Mama yangu alinitumia ningu wa kupikwa kutoka Bukima, wawili wakubwa, mmoja wangu na mmoja wa Wakuru, kwa sababu nilikuwa nimemtumia salamu kwamba nina rafiki. Wakuru alikuwa hajawahi kula samaki katika maisha yake. Tangu asubuhi alikuwa ananitania kwamba leo atakula kitu chenye macho. Alikwenda kunawa mikono. Alianguka kwenye mlango wa bafu, na nilisikia kichwa chake kikigonga saruji. Walimrudisha kitandani akiwa amekakamaa, akakoroma, na chakula cha mchana kilipopakuliwa, walikuwa wameshamfunika.

Bakuli lake lilikuwa kwenye kimeza katikati yetu. Nilimaliza ningu wangu. Kisha nikavuta bakuli lake. Nilikuwa nalia, kamasi zinaingia mdomoni, na natafuna. Nataka nikuambie jinsi samaki yule alivyokuwa mtamu, na sina maneno. Nililamba mifupa. Nilinyonya macho. Pale pembeni shuka lilikuwa limemfunika rafiki yangu mpaka utosini, na mimi nilikuwa sijashiba. Wanawake wengine waliniangalia. Hakuna aliyenilaumu. Yule wa Suguti aliniomba kichwa, nikamnyima.

Niliachiwa wakati mvua za kwanza zinaanza. Maji ya mgongo yalikuwa safi. Bwana mganga alinishika mkono akaniambia niende nikaishi. Nilitoka wodini natembea kama ndama aliyezaliwa leo, na ndani ya basi nilitazama kila kichaka mpaka Bunda.

Kijiji kipya kilikuwa nyumba kwa mistari, kama alivyosema, zote zinafanana, hakuna hata mti wa kukaa. Magesa alikuwa amejenga vyumba viwili. Kimoja cha mama yake, kimoja chenye kitanda cha mtu mmoja. Aliponiona mlangoni alikaa chini kwenye vumbi akashika kichwa. Nadhani alifurahi. Mama alikuwa anapepeta mtama. Ungo ulisimama hewani.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi, Mama. Mlinijengea wapi nilale?"

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilimwona anaogopa. Nilielewa baadaye. Kwa watu wa mume wangu, kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu wala haliachwi wazi, maana litatafuta mtu wa boma hilohilo. Mtu akipotea porini mwili usionekane, huzikwa mgomba badala yake. Lakini kuchimba kabla ya mtu kufa hakuna aliyewahi kufanya. Mama ndiye aliyeamuru, kwa haraka ya magari, kwa sababu hesabu yake ilionyesha nakufa. Sasa shimo lilikuwa wazi kule porini na mwenye nalo anaomba ugali.

Wakakaa wazee wa ukoo, wakaamua. Ukatwe mgomba, uvishwe kanga yangu, uwekwe na nywele zangu kidogo, uzikwe mle na kuliliwa. Kilichobaki ni mimi kukubali.

"Sikubali," nikasema.

"Mama Nyafuru, ni kanga tu," Magesa alinibembeleza.

"Kaburi ni langu. Mlilichimba kwa jina langu. Nitakapolihitaji nitalitumia. Kwa sasa liacheni hivyohivyo."

Hawakuwa na la kufanya. Bila kanga na nywele za mwenyewe haifai, na kuniibia waliogopa. Mama akaanza kupungua. Akikohoa, alinitazama. Ng'ombe akifa, alinitazama. Nilifurahi, nakuambia bila aibu. Nilimpikia samaki ndani ya nyumba na hakuthubutu kusema neno.

Lakini furaha ile haikutosha, kwa sababu kitu kingine kilikuwa kimenitoka. Maji yalirudi kuwa maji. Ugali ukawa ugali. Nyafuru alirudi kutoka Bukima, akanikumbatia, na mimi nilikuwa nawaza kuni. Nilikuwa nimepona, kila mtu alisema nimenenepa, na nilikuwa nimekauka ndani kama kibuyu. Hili ndilo ambalo hakuna atakayekuambia siku ya kutoka. Utairudia nyumba yako na utaikumbuka wodi. Utalia kwa kukumbuka benchi la sindano, na utajiona mwendawazimu.

Nikaanza kwenda kwenye shimo langu. Niliaga naenda kutafuta mboga za porini. Boma la zamani lilikuwa limeshaanza kumezwa na majani, kuta zimebomoka, maboga yamejiotea yenyewe kwenye jivu. Kaburi lilikuwa kando ya kaburi la baba mkwe, limeliwa kidogo na mvua pembeni, chini kuna chura. Nilikaa ukingoni nikaning'iniza miguu. Nikatazama chini mpaka moyo ukaenda mbio, na kwa muda mfupi nikasikia tena harufu ya udongo na ndege wote. Nikarudi nyumbani nikiwa mtu. Siku iliyofuata niliihitaji tena. Nilikwenda hivyo mpaka vuli ikaisha, na kila mara ilinibidi nikae muda mrefu zaidi ili nipate kidogo kuliko jana.

Siku moja nikiwa nimekaa hivyo, kitu kilinichoma nyuma ya goti. Ule mchomo nisingeusahau. Nilipiga kofi nikamtazama mbung'o kiganjani, mabawa yamelaliana kama mkasi, damu yangu tumboni mwake.

Nilikimbia. Mtu ambaye alikuwa anakwenda kutazama kaburi lake kwa hiari alikimbia kilometa zote zile mpaka kijijini, kanga ikabaki kwenye miiba.

Halafu ukaja muda wa kungoja. Nilijua alama zake: uvimbe, kisha homa. Kila asubuhi nilikagua nyuma ya goti. Na maji yakawa matamu. Nakuapia, usiku uleule maji ya mtungi yalikuwa na utamu wa wodini. Nilimpa Magesa mwili wangu kama bibi harusi, nilicheka na Nyafuru, nililima mistari miwili wakati wengine wanalima mmoja. Magesa aliniambia, "Sasa umepona kabisa, mama Nyafuru." Nilimwangalia ile sura yake ya furaha nikachukia. Nilichukia kwamba ili nimwone mwanangu vizuri lazima nijione napelekwa tena kule, kukunjwa, kuchomwa moto mshipani, kufa mlangoni mwa bafu na mkono una sabuni. Wakuru hakupata hata kuonja ningu. Angetoa ng'ombe zake zote apate ugali usio na ladha, kila siku, mpaka achoke.

Uvimbe haukuja, wala homa. Siku nilipojua haitakuja tena, kabla maji hayajarudi kuwa maji, nilichukua jembe nikaelekea kule. Njiani nilisikia nyayo nyuma yangu. Alikuwa Mama, ana jembe lake, amebeba kipande cha mgomba kichwani, anahema.

"Nani amekuambia?"

"Nakuonaga kila siku unapita. Leo umechukua jembe."

Tulifika pamoja. Nilivua kanga nikabaki na gauni, nikaivisha mgomba. Nikakata nywele kidogo kwa kisu. Mama aliuteremsha chini taratibu, kwa heshima ambayo hakuwahi kunionyesha mimi mwenyewe. Tukaanza kufukia. Alikuwa mzee, alichoka upesi, akasimama akiegemea jembe karibu na kaburi la mumewe.

"Hapa palikuwa pangu," alisema.

"Pako vipi?"

"Mume wangu yuko hapa, ubavuni kwake palikuwa pangu. Nimepatunza miaka yote. Walitakaga kukuchimbia kule nyuma ya zizi. Nilisema hapana, yule ametoka mbali, kwao maji tupu, asije akalala peke yake porini. Achimbiwe pangu." Akapangusa jasho. "Mimi watanitupa kule barabarani kwenye mistari."

Nilifukia kwa nguvu, macho yamejaa, na nilimchukia bado, na hakuna kilichokuwa kimebadilika isipokuwa kwamba nilikuwa nimejua. Tulipomaliza nilichukua mbegu za boga lililojiotea kwenye jivu nikazipanda juu ya tuta. Mama alisema nina wazimu.

Masika ilikuwa nzuri mwaka ule. Udongo uliofukuliwa ukafukiwa unapenda boga. Tulipochuma pamba nilikwenda na baiskeli ya Magesa nikaleta manne makubwa, nikapika moja na chumvi kidogo, bila kumficha mtu lilikotoka. Magesa alisema ameshiba. Nyafuru alikula. Mama alisema yeye hali chakula cha kaburini, akafunga mlango wa chumba chake.

Siku ya pili nilipopika, alitoka na bakuli. Alikaa mbali kidogo, nikampakulia. Alionja, akatafuna kwa muda mrefu, akakunja uso.

"Halina utamu," alisema. "La kawaida tu."

"Ndivyo lilivyo, Mama," nikamjibu. "Kama unataka tamu kuliko hilo, itabidi uugue kwanza."

Alinitazama kwa hasira, kisha akacheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongoni. Akalimaliza lote, akasema kesho nipunguze maji.